Rangi ya laki sita na nusu, nimerudishiwa chui

Wakuu, heshima kwenu. Nimeandika na kufuta mara tatu. Hii ya nne naipandisha hivi hivi, mkikuta neno kali mtanisamehe.

Gari ni Toyota Premio nyeusi. Klia, ule utando angavu unaopigwa juu ya rangi, ilikuwa imeanza kubanduka paa, boneti na buti, ule ugonjwa wa magari meusi yanayolala juani Dar. Keshokutwa Jumamosi ni harusi ya shemeji yangu na gari langu lipo kwenye msafara, la pili kutoka la maharusi. Nikaona nilisafishe sura. Nikaelekezwa gereji moja, jina naliacha, tukapatana laki sita na nusu kwa vipande hivyo vitatu. Nikatoa laki nne ya kuanzia kazi.

Siku ya kupiga klia, Jumatatu ya wiki jana, nilikuwepo. Laiti ningewasha gari nikaondoka. Klia ni ya makopo mawili, klia yenyewe na hadna yake, ile dawa ya kuigandisha, na kipimo kimeandikwa kwenye kopo. Kuna ya mbili kwa moja, kuna ya nne kwa moja. Fundi wangu kachukua chupa ya maji ya kunywa, kaikata shingo, kamimina klia, kamimina hadna, katia thina, kakoroga kwa kijiti. Kipimo chake jicho. Nikamuuliza, "Fundi, umejuaje kama imetosha?" Akanijibu, "Bosi, mimi nina miaka kumi na minane kwenye hii kazi." Nikanyamaza. Mtu akishakutajia miaka kumi na minane utamwambia nini?

Oveni, kile chumba cha joto cha kukaushia rangi, hakuna, gari limekaushiwa chini ya turubai. Kwenye oveni, nusu saa hivi ya nyuzi joto 60 na klia imeshika. Chini ya turubai inashika juu upesi, ukigusa unaona kavu, ila kwa ndani bado laini kwa siku nyingi. Ndiyo maana hata leo nikifungua buti asubuhi napigwa na harufu ya thina. Mimi haya nimeyajua baadaye. Yeye anayajua tangu mwaka wa kwanza wa ile miaka yake, na ndiye aliyelipeleka gari kuoshwa Jumanne. Siku moja baada ya klia! Saa saba mchana! Eti limeshika vumbi, asingependa bosi alikute chafu.

Pembeni ya gereji pana vijana wanaoshea magari maji ya kisima. Wa Dar mnayajua maji ya visima vyetu vingi. Sabuni haitoi povu, jagi la umeme linaota ukoko mweupe chini. Sasa ukoko ule ule ndio uliokwenda kukaa juu ya rangi yangu. Gari jeusi, jua la utosi, wamesugua, wamesuuza, hawakufuta. Wameliacha likauke lenyewe, wao wakaenda kula. Nilipofika nikaweka kiganja kwenye boneti, nikakitoa mbio. Na tone la maji likikaukia kwenye bati la moto namna ile, maji ndiyo yanayopaa; chokaa na chumvi zinabaki, zinajikusanya ukingoni mwa tone, unapata duara.

Maduara yenyewe sikuhesabu. Boneti ukiitazama kutoka juu unaona ukungu mweupe tu, lakini ukichuchumaa ukaitazama kwa ubavu kuelekea kwenye mwanga, ni uso wa mtu aliyetoka kuugua tetekuwanga. Mke wangu aliliona getini akasema, "Baba watoto, hii rangi uliagiza ya chui?" Siku hiyo nilicheka naye, kwa sababu fundi alishaniambia, "Bosi, hayo ni maji tu, yanatoka."

Nikaosha kwa shampuu ya gari na maji ya bomba, chini ya mwembe jioni. Hayakutoka. Nikanunua siki nyeupe, nikaizimua nusu kwa nusu na maji yale ya kujazia betri (jamani, maji, siyo tindikali, hakikisheni muuzaji kawaelewa). Nikachagua sehemu ya ukubwa wa kiganja karibu na waipa, nikalaza kitambaa kilicholowa dakika mbili hivi, nikasuuza kabla hakijakauka, nikafuta kwa taulo la maikrofaiba. Weupe ukaondoka wote. Nikashangilia peke yangu pale uani.

Kisha nikawasha tochi ya simu nikainamisha kichwa. Maduara yapo. Meupe hayana tena, ni alama tu zilizobonyea, na ukipitisha ukucha unausikia ukishuka na kupanda. Maana yake ule uchafu wa juu siki imeula, lakini chokaa ilishaingia kwenye klia ikiwa bado laini na kuacha nyayo zake. Nyayo hizo siki haiwezi kuzitoa hata ukimwaga dumu. Klia iliyokomaa ingevumilia mchana mmoja. Yangu ilikuwa na siku moja, tena ya kipimo cha jicho.

Nikarudi kwa fundi juzi Jumanne. Hakubishana, akatoa msasa wa maji namba 2000 na mashine ya polishi. Nikamwambia, fundi, si bado mbichi hii? "Tulia bosi." Akasugua, akapaka kompaundi, ile dawa ya kusugulia rangi, akawasha mashine akaikaza kwenye ukingo wa boneti, pale bati linapokunja. Mimi macho kwenye kitambaa chake. Mwanzo kilikuwa kinatoka na majivu meupe, ile ni klia, sawa. Baada ya muda kikatoka cheusi. Cheusi, wakuu! Klia imeisha, anasugua rangi yenyewe. Nilipiga ukelele mpaka mama wa chakula akatoka bandani na mwiko.

Sasa ukingoni nina msitari wa urefu wa kiganja umepauka kama mkaa uliomwagiwa maji, na maduara ya katikati bado yapo. Fundi anasema kosa ni la waosha magari. Waosha magari wanasema, "Braza, sisi tunaosha kila siku, mbona ya wengine haitoki hivyo? Hiyo rangi yenu feki." Na fundi bado anadai laki mbili na nusu yake iliyobaki. Jana kanipigia mara mbili.

Kabla hamjaanza: dawa ya meno sipaki, ile ni msasa wenye harufu nzuri. Ndimu kavu kavu sipaki, ni kali kuliko siki niliyozimua. Mafuta ya taa yanang'arisha mpaka vumbi la kwanza, halafu unarudi ulipokuwa. Na wale wa "piga nta ufunike", klia ambayo bado inatoa hewa ya thina haizibwi mdomo, inataka mwezi na zaidi ikiwa wazi. Kosa langu nalikubali, nilinyamaza nilipoona ile chupa.

Ninachotaka kwenu ni kwa waliowahi kupiga rangi, siyo waliowahi kusikia. Paa na buti maduara yake ni mepesi, nafikiri kuyaacha mwezi mmoja au miwili klia ikomae ndiyo yasuguliwe na mtu mwingine kabisa. Niko sahihi? Na boneti, ukingo ukishaliwa hivi, kuna namna ya kupiga klia kipande tu kisionekane, au ni kuisugua yote na kuanza upya? Kama ni yote, klia na hadna nanunua mwenyewe kutoka kwenye ile laki mbili na nusu, na chombo chenye mistari ya kipimo naenda nacho mkononi.

Jumamosi nimeshaongea na kamati ya harusi. Wamenirudisha nyuma mpaka gari la tisa, baada ya Noah ya wapishi.