Naomba ushauri: seli za ini la binadamu zinabanduka siku ya pili

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za kazi. Niko Bagamoyo, tunapima sumu ya dawa za malaria kwenye ini.

Tunatumia seli halisi za ini zilizogandishwa, si HepG2 (seli za saratani ya ini zinazokuzwa maabara), maana vimeng'enya vya HepG2 vya kuchakata dawa ni hafifu mno. Kichupa kinayeyushwa kwenye maji ya 37°C kwa chini ya dakika 2, hadi kibaki kipande kidogo tu cha barafu. Sentrifuji ni mara 100 ya mvutano wa dunia, dakika 10. Tripani bluu, rangi inayoingia seli zilizokufa tu, inatoa seli hai asilimia 84. Tunapanda 350,000 kwa kisima, sahani ya visima 24 iliyopakwa kolajeni ya aina ya 1.

Baada ya saa 4 zimeshika vizuri, zina pembe kama inavyotakiwa. Hapo tunaweka midia (kimiminika cha kulishia seli) isiyo na seramu, yenye insulini na deksamethasoni. Kufikia saa 48 zinajiviringa na kubanduka, zikianzia katikati ya kisima, mahali ambapo pipeti haigusi kabisa.

Tumeongeza hadi 400,000, tumebadilisha kolajeni, tumepasha midia kwanza. Wapi! Matrigel (jeli ya protini ya kufunika seli) juu yake hatujajaribu: ni ghali, inataka baridi muda wote, na umeme hukatika.

Je, tabaka la Matrigel la 0.25 mg/ml litazishika hadi siku ya 5, au tubadilishe seli, tuchukue za mtoaji mwingine? Na rifampisini ya mikromola 10, kwa kuamsha CYP3A4 (kimeng'enya cha ini kinachochakata dawa nyingi), tuianze saa ya 24 au ya 48?