Wakuu, sahani za migahawa ya huku Dodoma zinanishinda, nafanyaje kupunguza kiasi nikila nje?

Mpangaji wa Kisasa:
Habari za jioni wakuu. Naombeni ushauri wenu, hili jambo nimekaa nalo muda. Mimi ni mtumishi, ofisi yetu ipo Mtumba, nilihama na ofisi kutoka Dar nikaiacha familia kule sababu ya shule za watoto. Nimepanga Kisasa, jiko la gesi ninalo ila sikumbuki lini niliwasha, kwa hiyo asubuhi ni supu na chapati mbili, mchana tunaenda mgahawani na wenzangu wa ofisi, jioni chipsi kuku au nashuka zangu kwenye kuku wa kuchoma pale Chako ni Chako. Sasa shida ni ile sahani ya mchana, wali umepanda kama kichuguu, nyama pembeni, maharage, mchicha wenyewe kijiko kimoja. Kwetu kubakiza chakula ilikuwa kesi, basi namaliza wote, nikirudi ofisini nasinzia mpaka saa kumi. Suruali zote zimekataa. Nimeamua kuanzia Jumatatu nile mara moja tu kwa siku, huo mchana, asubuhi maji. Je, katika huo mlo mmoja nijizuiaje nisifidie? Habari za kupika mniache tu, najijua.

Mzee wa Mnada:
Mkuu unalalamikia sahani kujaa? Kuna watu wanatafuta huo mgahawa, weka location.

Binti Kondoa:
Mlete mkeo Dodoma kaka. SGR ipo toka 2024, masaa manne hayafiki mtu yuko hapo stesheni. Mwanaume kukaa peke yake anakula hovyo, na chakula ndicho umekisema wewe, mengine hatujui.

Mgogo Asilia:
Mbukwenyi! Mmehamia kwetu mnakula wali wa Dar halafu mnalaumu Dodoma. Tafuta ugali wa uwele na mlenda uone kama utasinzia. Babu yangu kala huo mpaka kaenda uzeeni anatembea kwa mguu Chamwino na kurudi.

Mama Lishe Sabasaba:
Mimi ni muuzaji nikwambie ukweli wa huku jikoni. Tunajaza wali kwa sababu wali ndio rahisi, nyama ndio inatutoa jasho, na mteja akiona sahani haijapanda anasema tumemuibia. Ukitaka kidogo sema KABLA sijapakua. Sema mama nitolee upawa mmoja, niongezee mboga za majani. Ukishaletewa mezani umechelewa, utakula tu. Na kama unaona aibu, omba foili mapema, gawa nusu funga, ndio uanze kula. Bei lakini usinidai nusu, mkaa ni uleule.

Dereva wa Ihumwa:
Mama kaongea. Mimi Jumamosi moja nilienda mnada wa Msalato na washkaji, tukaagiza kilo mbili za mbuzi, wakapigiwa simu wakaondoka wawili, tukabaki wawili na kilo mbili. Kuacha nyama roho inauma wakuu, tulikula mpaka giza, usiku sikulala nilikuwa nakaa tu kitandani kama mlinzi. Toka siku hiyo naagiza robo robo, ikiisha naongeza.

Sista Makole:
Mtoa mada, kabla watu hawajakupa mbinu za mlo mmoja nina swali. Una umri gani, na kuna dawa yoyote unayotumia?

Mpangaji wa Kisasa:
Sista nina 46, afya niko vizuri tu. Asante mama kwa hilo la upawa. Ila wakuu mimi nauliza hasa kuhusu mlo mmoja, mbona waislamu wanafunga mwezi mzima na hawafi?

Sista Makole:
Umejibu umri. Dawa?

Mpangaji wa Kisasa:
Ni vidonge vya kawaida tu sista, vya asubuhi.

Sista Makole:
Vya nini kaka?

Mpangaji wa Kisasa:
Haya. Nina sukari, nimegundulika miezi mitatu iliyopita. Nilianza na metfomini, juzi kati wakaniongezea na glibenklamidi ya asubuhi. Kazini hajui mtu. Sijaja hapa kuongelea sukari ndio maana sikusema, nimekuja kuuliza kiasi cha chakula. Nikisema ofisini nina sukari safari za kikazi wanapewa vijana, na pale mezani nitaanza kuhurumiwa. Na mantiki yangu ni rahisi, sukari inatokana na chakula, nikila mara moja inashuka, itafika mahali nitaacha na hizo dawa. Hata wiki iliyopita nilipima ilikuwa 3.4, imeshuka vizuri, tatizo siku hiyo nilitokwa jasho sana kwenye kikao na mikono ikawa inatetemeka, nadhani ni uchovu.

Kiboko ya Chai:
Wakuu tunapigwa chai hapa, uongo mtupu. ID yenyewe imefunguliwa jana. Mtu anasema ataanza Jumatatu kula mara moja, halafu wiki iliyopita tayari sukari 3.4 na jasho kwenye kikao. Imeshukaje na supu na chapati mbili kila asubuhi? Kwanza "afya niko vizuri", sasa ana sukari na vidonge aina mbili. Kesho ataleta namba ya kuchangiwa.

Dereva wa Ihumwa:
Hii chai haina hata tangawizi. Nilishaanza kumuonea huruma.

Binti Kondoa:
Mimi nilisema toka mwanzo kuna mambo hayasemi.

Mpangaji wa Kisasa:
Sihitaji mchango wa mtu. Kiboko umeuliza vizuri na nakujibu. Nilishaanza. Wiki ya pili hii siamki na supu, nameza vidonge na maji nakaa mpaka saa saba. Niliandika Jumatatu kwa sababu nilijua mkisikia nimeshaanza mtanikataza.

Sista Makole:
Iwe chai isiwe chai mimi najibu, maana yupo mwingine anasoma kimya na ana vidonge hivyohivyo mfukoni.
Kaka ile 3.4 haikuwa nzuri. Chini ya 3.9 ni sukari kushuka, na lile jasho, kutetemeka, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio, ndio dalili zake, ikiendelea mtu anachanganyikiwa na anaweza kupoteza fahamu. Glibenklamidi inalazimisha kongosho litoe insulini uwe umekula au hujala, na inakaa mwilini muda mrefu, ndio maana inamezwa pamoja na chakula. Wewe unaimeza saa moja unakula saa saba. Hata wanaofunga Ramadhani wakiwa na dawa hii wanapita kwanza kwa daktari abadilishe dozi au muda. Dawa usiache mwenyewe na usiendelee hivyo, kesho asubuhi kula halafu nenda kliniki uwaambie ukweli wote. Ukitetemeka tena kunywa soda ya sukari nusu chupa, sio ya diet, subiri dakika 15 upime, ikipanda ule kitu.
Sasa swali lako la kiasi. Sahani igawe kwa macho: nusu mboga za majani na kachumbari, robo wali au ugali, robo nyama au maharage. Anza na mboga, kula taratibu, tumbo linachukua kama dakika 20 kukwambia limeshiba na wewe nadhani unamaliza kwa nane. Mbinu za mama lishe ndizo hizohizo, fanya mara zote tatu, sio mara moja.

Kiboko ya Chai:
Sista nimekuelewa. Mkuu kama ni kweli pole, nenda.

Mpangaji wa Kisasa:
Narudi baada ya siku tatu. Nimeenda kliniki, nimegombezwa sana, kidonge kimoja wamekitoa, asubuhi nakula yai, chapati moja na papai. Leo mchana nimemwambia mhudumu nitolee wali upawa mmoja, mchicha jaza. Akauliza kwa sauti, "Baba unaumwa?" Meza nzima ikageuka. Nikasema ndiyo, sukari. Bosi akaniuliza toka lini, nikamwambia, akanyamaza, akanisogezea bakuli lake la mchicha. Safari ya mwezi ujao sijui itakuwaje.
Sista, ule ugali wa uwele nao ni robo sahani hivyohivyo?

Sista Makole:
Nao ni wanga, robo. Mlenda kula utakavyo.

Mgogo Asilia:
Jumapili uje Veyula, mama anapika, na robo tutakupimia sisi.