Mashine ya kuosha vyombo: ya Kariakoo au ya hapa Dodoma? Na waranti ya nyongeza nilipie?

MamaTumaini_Ilazo
Mbukwenyi wakuu. Nataka kununua mashine ya kuosha vyombo mwezi huu huu, hela ipo na baba watoto ameridhia. Nimechuja nimebaki na mbili. Moja iko Kariakoo, ile kubwa ya kusimama chini, wanasema ya watu 14, inauzwa 1,650,000 na waranti mwaka mmoja. Nyingine iko duka moja hapa mjini, ndogo ya kukaa mezani, ya watu 8, wanataka 1,400,000. Na yenyewe waranti ni mwaka mmoja, ila nikiongeza 190,000 wananipa miaka miwili zaidi. Muuzaji ameikazania sana hiyo ya nyongeza, anasema inasainiwa siku ya kununua tu, nikishatoka dukani sipewi tena. Nichukue ipi? Na hiyo laki na tisini ina maana yoyote au napigwa?

Kisasa_Mkazi
Dada, umetuachia maswali mengi. Mko wangapi nyumbani? Nyumba yenu au ya kupanga? Maji ya bomba moja kwa moja au ya simtank? Jikoni pana nafasi kiasi gani? Kampuni gani? Bila hayo kila mtu atakushauri ya kwake.

Mwl_Nkuhungu
Mimi ningechukua kubwa bila kufikiri mara mbili. Tofauti ni laki mbili na nusu tu, unapata karibu mara mbili ya nafasi. Familia zetu hizi, akija shemeji na watoto wake tu hiyo ndogo imeshazidiwa.

Mzee_wa_Kizota
Milioni na nusu kwa kuosha vyombo? Hiyo hela unanunua mbuzi kadhaa ukawapeleka Chamwino wakazaane. Tafuta binti wa kazi, atakuoshea vyombo, atakufulia na mtoto atakuangalizia.

Mwl_Nkuhungu
Mzee wangu, shikamoo, lakini hapo sikubaliani na wewe. Binti wa kazi ni mtoto wa mtu, anatakiwa mshahara wa maana, muda wa kupumzika na ikiwezekana aende shule. Mabinti wangapi wanatoka Kondoa na Mpwapwa wanakuja kulipwa hela ya sabuni? Mtu akiamua kununua mashine, binti akapata nafasi ya kusoma cherehani jioni, kuna ubaya gani?

Mzee_wa_Kizota
Marahaba mwalimu. Sijasema asilipwe. Nasema mashine haimlei mtoto.

Fundi_Majengo
Turudi kwenye mada. Mimi natengeneza friji, mashine za kufulia na hizi za vyombo, japo za vyombo bado ni chache mjini hapa. Dada, kabla ya bei na waranti kuna kitu kimoja kinaamua kila kitu Dodoma: MAJI. Maji yetu mengi yanatoka visima vya Mzakwe, bonde la Makutupora, ni maji ya ardhini na ni magumu. Nenda sasa hivi jikoni ufungue birika lako la umeme, uangalie chini. Yale magamba meupe ni chokaa, na ndiyo yanayoshika kwenye hita ya mashine na kuziba vitundu vya mikono inayorusha maji. Glasi zinatoka na ukungu, mtu analaumu sabuni.

Mashine inayofaa huku ni ile yenye kilainisha maji ndani yake, yaani sehemu inayonasa hiyo chokaa. Kuijua ni rahisi. Ukiwa dukani fungua mlango, vuta kikapu cha chini ukitoe kabisa, angalia sakafuni. Pembeni ya chujio uone kifuniko cha kuzungusha kwa mkono, kama cha dumu. Hapo ndipo chumvi inaingia. Kama hakipo, hiyo mashine haina kilainisha, na nyingi za mezani za bei nafuu hazina. Kaangalie kwanza ndipo urudi tuzungumze waranti.

Ihumwa_Kwetu
Chumvi si tatizo, chumvi ya mawe ya Bagamoyo imejaa sokoni Majengo, kilo bei ya kutupa.

Fundi_Majengo
Hapana ndugu, usimpoteze dada wa watu. Kazi ya ile chumvi ni kusafisha vidonge vya kilainisha ili viendelee kunasa kalsiamu na magnesiamu ya kwenye maji. Chumvi ya bahari ambayo haijasafishwa inakuja na magnesiamu yake, kalsiamu yake na mchanga juu. Unaingiza kile kile unachotaka kukitoa. Chumvi ya mezani nayo ni laini mno, inagandamana na kuziba, na imewekwa madini joto. Inayotakiwa ni ya chenga kubwa iliyosafishwa, imeandikwa kabisa kuwa ni ya mashine ya vyombo. Supamaketi za Dar zipo, huku mtu anaagiza. Hiyo ni gharama ya kila wakati, iingize kwenye hesabu pamoja na sabuni.

MamaTumaini_Ilazo
Asanteni. Kisasa, tuko saba, nyumba ni yetu, tumehamia tu. Maji ni ya DUWASA yanaingia simtank ya lita 2,000 iliyo juu ya mnara mfupi nje, kwa sababu ya mgao. Kampuni sitaji maana nimeshawaahidi wenye duka sitawaanika mtandaoni. Birika nimelifungua fundi, ni kweli kabisa, chini peupe kama pamepakwa chokaa.

Kisasa_Mkazi
Mnara mfupi ni mita ngapi? Hapo ndipo kwenye kazi. Mimi mashine yangu ya kufulia iligoma kujaa maji kwa sababu hiyo hiyo mpaka nikainua tangi.

Fundi_Majengo
Kila mita moja ya kimo cha maji juu ya mashine inakupa msukumo wa kama 0.1 bar. Mashine nyingi zinataka kuanzia 0.3 mpaka 0.5 bar, imeandikwa kwenye kitabu chake. Kwa hiyo tangi likae mita tatu hadi tano juu ya mashine, la sivyo unaweka pampu ndogo. Kuna za mezani ambazo unazijazia maji kwa jagi, hazihitaji bomba kabisa. Kwa mtu wa mgao hizo zina faida yake, ila uliza kama yako ni ya aina hiyo.

Mgeni_wa_Mtumba
Naomba nieleze yaliyonikuta kuhusu waranti ya nyongeza, maana naona watu wanapita juu juu.

Nilihamia Dodoma na ofisi, nikanunua mashine ya kufulia na kukausha duka moja, sitalitaja. Nikauziwa waranti ya nyongeza ya miaka miwili juu ya ule mwaka wa kawaida. Mwaka wa pili hita ikafa. Napiga simu ya huduma, inapokelewa Dar, wananiambia hawana fundi Dodoma, mzigo niusafirishe mwenyewe. Nikaupakia kwenye basi, kilomita mia nne na hamsini, nikalipia kupakia, nikalipia kushusha, nikalipia bajaji ya kuufikisha kwao. Wakakaa nao wiki kadhaa. Majibu yalipokuja wakanitumia picha ya hita imefunikwa magamba, chini yake wameandika: uharibifu umesababishwa na ubora wa maji, haumo kwenye waranti. Nikafungua ile karatasi kwa mara nyingine, kweli kipo, ukurasa wa nyuma, maandishi madogo. Havimo: maji, radi, umeme kupanda na kushuka, wadudu, kutu, usafirishaji. Jamani, Dodoma mashine inaharibiwa na nini kama si maji na umeme?

Halafu wakaomba risiti. Risiti ya EFD niliitunza vizuri ndani ya bahasha, lakini karatasi ile inafifia, nilipoitoa imebaki nyeupe tupu. Bahati yangu nilikuwa na ujumbe wa malipo ya simu. Mwisho nililipia hita mwenyewe, nikalipia na kuurudisha mzigo. Waranti niliyoinunua haikunilipia hata nauli.

Kwa hiyo dada, laki na tisini usiitoe kabla hujasoma ukurasa wa nyuma. Uliza fundi yuko wapi, nani analipa usafiri, na maji yamo au hayamo. Wakikujibu kwa mdomo waambie waandike.

Ihumwa_Kwetu
Pole sana mkuu. Ndiyo maana mimi waranti za nyongeza sinunui kabisa. Hiyo hela naiweka pembeni, kikiharibika natengeneza.

Makulu_Legal
Nichangie kidogo upande wa sheria. Waranti ya nyongeza ni mkataba wa hiari, lakini haki zako hazianzii hapo. Sheria ya Mauziano ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema ukimweleza muuzaji unanunua kitu kwa kazi gani na ukategemea ujuzi wake, kitu hicho kinatakiwa kiifae kazi hiyo. Kwa hiyo mwambie kabisa, ikiwezekana kwa ujumbe wa maandishi: natumia maji ya Dodoma, ni magumu, je mashine hii inafaa? Jibu lake litakusaidia baadaye. Mkishindwana kuna Tume ya Ushindani, FCC, inapokea malalamiko ya walaji. Na risiti ipige picha siku hiyo hiyo. Hilo la kufifia nimeliona kwa wateja wengi.

Mgeni_wa_Mtumba
Asante wakili. Hilo la kuandika kabla ya kununua ni la maana sana.

Bibi_wa_Zabibu
Mimi nina swali ambalo hakuna aliyeligusa. Inatoa mlenda? Maana nyumba yangu haikai bila mlenda, na bakuli likishakauka ule utando unang'ang'ania ukutani mpaka uloweke.

Mwl_Nkuhungu
Hahaha bibi umeuliza swali la nyumba nzima ya Mgogo.

Kisasa_Mkazi
Bibi, dada yangu Dar anayo. Anasema masalia ya ugali na wali yanatoka vizuri, ukikwangua tu ukapanga. Mlenda uliokauka anauloweka kwanza au anaweka programu ya moto zaidi, nyuzi 65 au 70. Ukiwa bado mbichi unatoka. Kilichomuudhi ni sufuria. Zile za aluminiamu zilitoka nyeusi, mkono ukishika unachafuka.

Fundi_Majengo
Ndivyo ilivyo. Sabuni ya mashine ni kali, aluminiamu inabadilika rangi. Sufuria zetu nyingi ni hizo, kwa hiyo zitaendelea kuoshwa kwa mkono, pamoja na miiko ya mbao na vyungu. Dada, hesabu yako ya watu saba iangalie hapo. Hiyo “watu 14” inahesabu sahani, bakuli, glasi na vijiko. Sufuria la ugali la watu saba na sinia haviingii kwenye ya mezani hata uviinamishe.

Na umeme. Mashine hizi zinavuta wati 1,800 mpaka 2,200 hita ikiwaka. Kile kifaa cha kulinda friji cha ampea 5 hakifai, kinabeba wati kama 1,150. Nunua cha ampea 13. Kwangu mimi hicho ndicho cha kwanza kulipia, waranti baadaye.

Ihumwa_Kwetu
Si itakula luku yote hiyo?

Fundi_Majengo
Programu ya kubana matumizi inakula karibu uniti moja kwa mzunguko na maji kama lita 10 hadi 12. Aliye T1, ile bei ya kawaida ya TANESCO, ni kama shilingi 350. Aliye kwenye ile ya nafuu ya uniti 75 kwa mwezi aangalie asivuke. Ila inachukua saa tatu na zaidi, kwa hiyo iwashe usiku.

MamaTumaini_Ilazo
Nimerudi. Leo nimepita dukani, nimetoa kikapu cha chini kama fundi alivyosema. Ile ya mezani HAINA kifuniko cha chumvi. Yule kijana wa duka hakuwa anajua hata ni kitu gani. Ya Kariakoo nimemwomba mdogo wangu akaipige picha, inacho. Karatasi ya waranti ya nyongeza nimeomba niisome nyumbani, wamesema haitoki dukani.

Makulu_Legal
Mkataba ambao huruhusiwi kuusoma kwa utulivu usiusaini. Hapo sina la kuongeza.

Mwl_Nkuhungu
Nilisema kubwa tangu mwanzo.

Mgeni_wa_Mtumba
Kubwa sawa, lakini ya Kariakoo ikifa nani anaitengeneza? Ni safari ile ile niliyosafiri mimi. Muulize fundi kama spea zake zinapatikana.

Fundi_Majengo
Bila jina la kampuni siwezi kusema. Nitumie pembeni picha ya kibandiko cha mlangoni chenye namba ya modeli. Kuna zingine pampu yake naipata kwa siku mbili, zingine hata Dar hakuna.

MamaTumaini_Ilazo
Nakutumia sasa hivi. Shida nyingine, mnara wangu baba watoto kaupima, una mita mbili tu.

Mzee_wa_Kizota
Mngesubiri bwawa la Farkwa liishe, maji yawe ya kutosha, ndiyo mnunue mamashine.

Ihumwa_Kwetu
Mzee, Farkwa tumeanza kuisikia zamani. Na kuna ya kuleta maji ya Ziwa Victoria. Huku kwetu bado tunakinga usiku wa manane. Kwani Ilazo mgao ukoje siku hizi?

Bibi_wa_Zabibu
Ilazo wana nafuu. Njooni Ntyuka muone.

Kisasa_Mkazi
Nzuguni nako wiki hii yametoka machafu. Mwenye namba ya fundi wa kuchomelea minara ya simtank anitumie pembeni, na mimi nataka kuinua wangu ufike mita nne.

MamaTumaini_Ilazo
Na mimi nitumieni. Mwambieni atupigie hesabu ya minara miwili, Kisasa na Ilazo, huenda akatupunguzia.