Mjadala: Tumwage dawa kwenye mazalia ya mbu, au tuendelee na vyandarua?

Mleta mada, Dar es Salaam

Wakuu, tangu 2015 tuna kiwanda Kibaha cha dawa ya kuua viluwiluwi, watoto wa mbu wa majini, kilichojengwa kwa utaalamu wa Cuba. Mwaka 2017 Rais Magufuli alifika pale akaagiza halmashauri zichukue dawa hiyo. Mtaani kwangu bado ninachokiona ni chandarua. Chandarua kinanisubiri nipande kitandani saa nne, mbu ameshaanza kazi saa moja nikiwa barazani.

Mbu mkubwa unamkimbiza nyumba nzima, ndala mkononi. Mtoto wake yuko kwenye mtaro, kichwa chini mkia juu, hana pa kukimbilia. Brazil walivamiwa na mbu wa malaria kutoka Afrika, akagunduliwa 1930. Kufikia 1940 walikuwa wamemfuta, na hawakutegemea chandarua chenye dawa. Sisi tunashindwa nini?

Bwana afya, mstaafu

Kijana, huyo uliyemweleza, kichwa chini mkia juu, si wa malaria. Kiluwiluwi wa anofelesi, mbu wa malaria, hulala sambamba na uso wa maji. Wako wa mtarini ni kuleksi, yule wa kelele usiku na wa matende. Ukimwaga dawa mtaroni utalala vizuri, lakini zahanati haitaona tofauti ya malaria.

Sasa chandarua. Mbu akimnyonya mgonjwa haambukizi kesho yake. Kimelea kinahitaji kama siku 10 hadi 12 kukomaa tumboni mwake mpaka kifike mateni, na mbu wengi hufa kabla. Kila anapotafuta damu anakutana na chandarua chenye dawa, kwa hiyo wanaofikisha umri huo wanakuwa wachache mno. Dawa ya dimbwini inapunguza idadi ya mbu. Chandarua kinapunguza idadi, kinakata na umri. Ndiyo maana hesabu za kitaalamu za 2000 hadi 2015 zilikipa chandarua asilimia 68 ya kesi za malaria zilizoepukwa Afrika.

Na Brazil usiitaje nusu. Fred Soper, Mmarekani aliyeongoza kazi ile, alikuwa na jeshi la wakaguzi, dimbwi kwa dimbwi, na mbu mwenyewe alikuwa mgeni kwenye eneo moja. Hapa yuko kwao.

Mkulima wa mchicha, bondeni

Mimi nauliza jambo moja. Kila wakija watu wa mbu wanaangalia matuta yetu ya viazi na mchicha, maji yakituama katikati ya tuta na tuta tunaambiwa tunafuga malaria. Sawa, yanatuama. Ila mtaro mkubwa umejaa chupa za plastiki na hakuna aliyewahi kunyooshewa kidole. Halafu hiyo dawa ikimwagwa kwenye matuta, mchicha nitamuuzia nani?

Mleta mada

Dada, kwenye mchicha ondoa shaka. Ile ni bakteria, na sumu yake inafanya kazi ndani ya utumbo wa kiluwiluwi peke yake. Tumbo la mtu lina asidi, halimpi nafasi. Samaki nao hawadhuriki.

Bwana afya, nimepokea somo la kichwa chini. Lakini Dar ilishafanya kazi hii. Mwaka 2006 walianza na kata 3, baadaye zikafika 15, vijana wa mitaa wakizunguka kila wiki na dawa, na malaria ikapungua. Kila wiki, maana yai linaweza kuwa mbu anayeruka ndani ya siku kumi hivi. Ukiruka wiki mbili umepoteza dawa yote.

Mtu wa Unguja

Mkitaka mfano wa kuleksi, njooni Makunduchi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mashimo ya vyoo yalimwagwa chenga nyeupe za plastiki, zile nyepesi za kujazia maboksi ya televisheni. Zinaelea, mbu hapati pa kutagia, kiluwiluwi hapati pa kuvutia hewa. Watu wakapewa na dawa za matende. Mbu wakapungua kweli kweli, na chenga haziombi posho kila wiki.

Mchangiaji, Morogoro

Hiyo ni mijini. Huku mvua ikinyesha, kila alama ya kwato ya ng'ombe ni zalio la mbu. Mtamwaga wapi?

Bwana afya, mstaafu

Hapo nitamsaidia kijana kidogo, ingawa hakuniomba. Alama za kwato ni za gambiae na arabiensis, aina mbili za anofelesi, wanapenda vidimbwi vidogo vyenye jua. Bonde la Kilombero watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara wamekuta kwamba anayebeba sehemu kubwa ya maambukizi ni funestus, aina nyingine ya anofelesi, tena si wengi kama arabiensis. Huyo anazaliana kwenye maji ya kudumu yenye majani: kingo za mito, mabwawa. Hayo unaweza kuyaorodhesha hata wakati wa kiangazi. Shirika la Afya Duniani linaikubali dawa ya viluwiluwi kama nyongeza, mahali ambapo mazalia ni machache, hayahamihami na yanapatikana. Kwa hiyo swali si mjini au kijijini. Ni mbu gani, na anazalia wapi.

Mleta mada

Basi tumekaribiana. Mimi sijasema watu wavue vyandarua. Ninachodai ni kwamba dawa ipo umbali wa daladala, kinachokosekana ni posho ya vijana wawili kila mtaa wanaotembea na bomba mgongoni, masika na kiangazi. Lita za dawa zinapokelewa kwa picha na hotuba. Posho ya wiki ya 30 hakuna anayeikatia utepe.

Bwana afya, mstaafu

Posho ya vijana wawili kwa mazalia mangapi? Mtaani kwenu yako mangapi?

Mleta mada

Hatujahesabu.

Mkulima wa mchicha, bondeni

Bondeni njooni asubuhi. Jioni tunamwagilia, kila mahali pana maji.