Mshahara wa afande: tupeane uzoefu wa kudai bila chama

Afande wa Bondeni, Nakuru
Kuna mtu ameuliza tena kwa nini polisi wasigome kama walimu. Katiba, kifungu cha 24(5), inaruhusu haki za wafanyakazi za kifungu cha 41 kuwekewa mipaka kwa polisi na jeshi. Hakuna chama, hakuna mgomo. Madai yanayofika hupitia wapi?

NyarKondele
Barua. Barua tu.

Karani Mstaafu, Kakamega
Wengi hubisha mlango usio wake. Inspekta Jenerali ni mkubwa wenu lakini hapangi mshahara. Vyeo na uhamisho ni vya Tume ya Huduma ya Polisi. Viwango hupitia SRC, yaani Tume ya Mishahara na Marupurupu, ambayo kwa askari wa kawaida hutoa ushauri. Hela ni za Hazina na Bunge. Dai lisipopata fungu kwenye bajeti ya mwaka unaoanza Julai linabaki karatasi, hata kama kila mtu amelikubali. Jopo la mageuzi ya polisi, la Jaji Mkuu mstaafu David Maraga, liliundwa Desemba 2022, likakabidhi ripoti Novemba 2023, na ile nyongeza ya asilimia 40 ya konstebo ikagawanywa kwa miaka mitatu kuanzia Julai 2024. Kuna waliosikia 40 wakakimbilia mkopo wa SACCO.

Lakini panapoumiza zaidi ni uhamisho. Marupurupu ya nyumba hufuata kituo. Ukitoka Nairobi kuja huku na barua ya kuripoti ichelewe kufika kwa watu wa mishahara, unaendelea kulipwa kiwango cha Nairobi miezi mitatu, minne. Siku wakigundua, wanakata ziada yote kwa mkupuo na mtu anabaki na za unga. Siku ya kuripoti hakikisha umeandikwa kwenye OB, kitabu cha matukio cha kituo, peleka nakala ya barua mwenyewe, igongwe muhuri, na yako uweke. Makato yakishaanza, omba kwa maandishi yagawanywe.

WakiliKimya, Kisumu
Taja Sheria ya Ajira, kifungu cha 19: makato yasipite theluthi mbili ya mshahara.

Karani Mstaafu, Kakamega
Wakili, soma kifungu cha 3 cha sheria hiyo hiyo. Polisi wametolewa nje. Taja taratibu za utumishi wa umma. Huko theluthi ya mshahara wa msingi haiguswi.

WakiliKimya, Kisumu
Mahakama haijafungwa.

Karani Mstaafu, Kakamega
Sijasema imefungwa. Nimesema barua itarudi.

Hesabu Naivasha
Mkibishana, tazameni hati ya malipo. Chukua mfano wa jumla 40,000, msingi 28,000. SHIF, bima ya afya, asilimia 2.75 ya jumla ni 1,100. Ada ya nyumba za bei nafuu, asilimia 1.5 ya jumla, ni 600. Pensheni asilimia 7.5 ya msingi ni 2,100. Hizo ni 3,800 kabla ya PAYE, yaani kodi ya mapato, na SACCO. Anayedai nyongeza aandike kinachobaki mkononi, maana ile ya jumla humdanganya hata mwenyewe.

Mama Lines
Na nyumba je? Tangu 2018 mliambiwa mhame lines, zile nyumba za kambini, mkapange mtaani. Mwenye ploti akiona sare anapandisha kodi. Nendeni kutafuta na kaptula.

NyarKondele
😂 Na viatu je? Hivyo vyeusi vinawatambulisha toka getini.

Afande wa Bondeni, Nakuru
Karani, aliyekataliwa kugawanyiwa makato anaandikia nani, kamanda au Tume?

Karani Mstaafu, Kakamega
Tume, kupitia kwa kamanda. Ukimruka, faili inarudi kwake akiwa amekasirika.