Naomba ushauri: madaha, mikogo au maringo?
Ndugu zangu, ninaandika hadithi fupi na nimekwama kwenye sentensi moja, inayomwonyesha kijana akikatiza uwanja wa harusi kifua mbele, hatua za kuhesabika, akijua fika kwamba anatazamwa. Kwa sikio langu, madaha yana utulivu na uzuri ndani yake, ndiyo maana tunausifu mwendo wa twiga kwa neno hilo, ilhali mikogo inabeba nia ya kuonekana, na maringo yanakaribia kudharau wengine. Neno mbwembwe nimeliacha, kwani naliona pana mno. Je, “alipita kwa mikogo” inatosha, au ninyi wa Pwani mnalo neno la mwendo wenyewe, lisilomfanya msomaji amchukie kijana huyu mapema?