Mrejesho: taa ya injini iliyokuwa ikiwaka na kuzima

Wakuu, ahsanteni sana. Niliuliza kuhusu gari langu la zamani ambalo taa ya injini huwaka, kisha hujizimia yenyewe, na hutetemeka injini ikiwa ya baridi. Kusafisha sensa ya hewa hakukusaidia. Kilichofanya kazi ni ule ushauri wa kuhamisha koili (kifaa kinachoipa plagi umeme wa kutoa cheche) kabla ya kununua chochote: kodi ya hitilafu kwenye mashine ya kupimia ilisoma P0301, yaani silinda ya 1 haichomi mafuta vizuri, nikapeleka koili ya silinda ya 1 kwenye ya 3, na taa iliporudi ikasoma P0303, yaani sasa ni silinda ya 3. Tatizo limeifuata koili, kwa hiyo si plagi wala nozeli ya mafuta! Nimefunga koili mpya, taa haijawaka tena hata gari likipanda mlima. Mtetemo injini ikiwa ya baridi bado upo. Sasa nakagua mipira ya vakyumu (vibomba vya mpira vya mvuto wa hewa kwenye injini) kama mlivyoshauri. Na aliyesema nisifute kodi kabla ya kuiandika, Mungu akubariki.